Mzungu wa Ndani ya Laptop

Wathome aliingia dukani kwangu mara ya kwanza kununua utepe wa taipureta, na akavuta bei mpaka nikachoka. Alikuwa haoni, nami nikadhani asiyeona hajui. Nilimtajia bei ya watu wanaotoka Nairobi. Akaushika utepe, akaunusa, akaubinya kwa kidole gumba, akasema, "Mutheu, hii kitu imekaa hapa tangu El Niño. Nipe bei ya kitu imekauka."

Nikampa. Tukaelewana kuanzia hapo.

Mimi huuza vyombo kuukuu vya ofisi hapa Machakos mjini, nyuma ya soko: taipureta, kabati za chuma, viti vya kuzunguka, na siku hizi kompyuta. Ofisi ikifungwa, mimi hufika vumbi likiwa bado hewani. Wathome alipanga chumba kilichofuata changu, akatundika kibao cha mbao: TUNAPIGA CHAPA. Hakuwa na mwenzake, lakini alisema "tunapiga" huvuta wateja zaidi ya "ninapiga", na nadhani alikuwa sahihi.

Macho yake yalikwenda na surua, huko kwao Kithyoko, akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Shule ya wasioona ilimfundisha taipu na kupokea simu, na kwa miaka mingi akawa mtu wa simu katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Kiwanda kikafa. Wenzake wenye macho walikwenda kuchota mchanga wa mtoni. Yeye alibaki na njia mbili: kupiga chapa mjini, au kurudi Kithyoko kwa kaka yake Jeremiah. Jeremiah si mtu mbaya. Angemjengea nyumba ndogo, angemwekea kiti mlangoni, angemletea sahani mchana na sahani jioni mpaka siku ya kuzikwa.

"Nimeona vipofu wa kuletewa sahani," Wathome aliniambia. "Baada ya muda hata kuku hawawaogopi."

Laptop aliipata mwaka wa tisini na tisa kwa mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, betri yake ilikufa mapema, kwa hivyo iliishi kwenye soketi. Ilikuwa na Windows 98 na programu ya kusoma. Kila herufi aliyobonyeza Wathome, na kila neno lililotokea kwenye skrini, lilitamkwa na sauti ya mwanamume wa Amerika mwenye mafua. Alisema haraka sana hata mimi sikushika kitu. Wathome alishika yote. Majina ya Kikamba yalimshinda kabisa yule bwana. "Wavinya" alivyolitamka ungedhani ni dawa ya minyoo. Nduku, mke wa Wathome, aliyeuza nyanya na sukuma wiki mlangoni, alimwita Mzungu. Stima ikirudi baada ya kupotea, Nduku alimpazia mumewe sauti kutoka nje: "Baba Mumo, Mzungu wako amepata chakula?"

Programu hiyo ilifanya kazi kwa ruhusa. Ruhusa ilikuja kwenye disketi, moja tu, na ilikuwa imeshatoka kwenye disketi ikaingia ndani ya mashine. Ukitaka kuihamisha, unairudisha kwanza kwenye disketi. Ukifuta mashine kabla ya kuirudisha, imekwenda. Mwalimu yule alimweleza Wathome jambo hilo mara nyingi kuliko alivyomwambia kwaheri.

Kazi yake kubwa ilitoka kwa wakili Mwanzia. Wakili alizungumza kwenye kaseti, kaseti ikaletwa, Wathome akaweka sikio moja kwa wakili na sikio la pili kwa Mzungu, akapiga chapa hati za viapo na barua za madai. Wateja wengine walikuwa wanapungua. Wanafunzi walianza kujipigia wenyewe kwenye saiba, zile duka za intaneti, na makanisa yalipata vijana wenye kompyuta. Mwaka wa elfu mbili na sita, ukimwondoa Mwanzia, kibao cha mlangoni kilikuwa pambo.

Ndipo Mwanzia akaja mwenyewe, akiwa na kitu kidogo kama kiberiti.

"Hii ndiyo kaseti sasa," akasema, akamwekea Wathome kiganjani. "Unaichomeka kwa kompyuta, sauti inaingia."

Wathome aliipapasa. "Na kwangu itaingia?"

Haikuingia. Tulimwita Liban, mwana wa mzee Gedi muuza mbuzi. Baba alitaka arithi mbuzi, yeye akachagua kompyuta, na kwa mashine za mji huu sikujua mkono mwepesi kuliko wake. Alichomeka, akasoma, akatikisa kichwa, kisha akakumbuka anayeongea naye.

"Mzee, inakataa. Inataka Windows mpya, XP. Hii yako ni 98, haiijui."

"Tuweke XP basi."

"Naweza kuweka. Shida ni Mzungu. Huyu ni wa 98, kwa XP haongei. Wa XP ni mwingine."

"Huyo mwingine anapatikana?"

"Ananunuliwa ng'ambo. Bei yake, mzee, ukiuza laptop hii na meza na hii duka ya Mutheu, bado."

"Duka yangu iache," nikasema.

Liban akaendelea: kulikuwa na nakala ya kujaribu, ya bure. Hiyo ingesema kwa dakika arobaini, kisha inyamaze. Ukitaka iseme tena, unazima mashine na kuiwasha upya. Tena arobaini.

"Kama simu ya kibanda," Wathome akasema.

"Kama simu ya kibanda, na sarafu ni kuzima."

Mimi siamini tatizo ambalo halijajaribiwa kwa maneno. Nilikwenda kwa Mwanzia. Nilimwambia kaseti zake ninazo sanduku zima kutoka ofisi iliyofungwa, nitampa kwa bei ya kutupa, na kinasa kizuri juu yake.

"Mutheu, hata ukinipa bure, sina pa kuzitia," akasema. "Mwenzangu wa Nairobi anataka kazi kwa barua pepe. Mimi nikirudi kwa kaseti, yeye atarudi kwa nani?"

"Mpe Wathome mwaka."

"Nimpe mwaka, mahakama inipe mimi?"

"Miezi basi."

"Mwisho wa mwezi huu. Na hiyo ni kwa sababu kazi yake ni safi. Kuna wasichana wawili wamemaliza kozi ya kompyuta, wananisalimia kila asubuhi hapo ngazini."

Nimeuza vitu miaka mingi. Najua mtu anaposema bei ya mwisho na hiyo ndiyo ya mwisho. Nikarudi nikamwambia Wathome vilevile, bila sukari.

Alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Hakunung'unika. Alituuliza maswali, mmoja mmoja, kama hakimu. Alimuuliza Liban kama kuna kurudi nyuma. Liban akasema kupo: wakirudisha ruhusa kwenye disketi kwanza, basi siku yoyote akichoka na XP, anafuta, anaweka 98, anaingiza ruhusa, Mzungu anaamka. Alimuuliza Nduku kama anaweza kumsomea skrini sauti ikinyamaza. Nduku akasema, "Kiingereza cha mahakama nitasoma mimi? Nitakusomea kama huyo Mzungu anavyosoma jina langu." Mimi aliniuliza ningefanya nini.

"Ningekaa na 98, nitafute kazi ya kaseti mahali pengine," nikamwambia.

"Wapi?"

Nilifikiri Kithimani, nikafikiri Kyumbi, nikafikiri kila ofisi niliyowahi kununua viti vyake.

"Basi hiyo si shauri, Mutheu. Hiyo ni pole."

Akaamua tuweke XP. Nami nasema mpaka leo kwamba kwa mizani aliyokuwa nayo, alipima sawa. Kukaa kulikuwa na hasara ya hakika. Kubadili kulikuwa na hasara ya labda, na mlango wa kurudia.

Siku ya kazi Liban alikuja asubuhi. Nilimuuzia kipande cha kumbukumbu, ile memori, nilichokitoa kwenye mashine iliyokufa katika rundo langu, maana XP inakula sana. Disketi ikaingia. Wathome alibonyeza mwenyewe. Hakutaka mkono wa mtu mwingine hapo. Mzungu akasema kwa haraka yake kwamba ruhusa imerudi kwenye disketi, na baada ya hapo hakusema tena. Wathome alichomoa disketi, akaifunga kwa nailoni, akaenda nayo chumbani kwake mwenyewe.

XP ikakaa. Sauti mpya ilikuwa laini zaidi, na kwa dakika zake arobaini ilifanya kazi vizuri. Kisha ikakatika katikati ya neno. Kuzima, kuwasha, na ile laptop ya uzee wake ilichukua muda wa kunung'unika hata Nduku akasema angechinja kuku, amnyonyoe na kumpika kabla haijafunguka. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku nzima. Stima ikipotea, hesabu ilianza upya.

Ili apate muda, Wathome alianza kupiga chapa kwenye ukimya. Sauti ikikatika, haachi. Anaendelea tu, kama alivyofanya na taipureta, halafu anasikiliza yote akiwasha tena. Vidole vyake havikukosea. Tatizo halikuwa vidole.

Hati ile ilikuwa kiapo cha mama mmoja wa Yatta aliyetolewa shambani na shemeji zake. Sauti ilikatika, Wathome akaendelea kurasa mbili, zile zenye jambo lenyewe: nani aling'oa mpaka, lini, mbele ya nani. Lakini kabla hajaanza kurasa hizo, kisanduku kilikuwa kimejitokeza kwenye skrini kuuliza swali lake, ndiyo au hapana. Yeye hakukiona, na hapakuwa na wa kumwambia. Alichopiga chote kilipotelea hapo. Mjumbe wa Mwanzia alikuwa mlangoni anaharakisha, na Wathome, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwasha kusikiliza. Alitoa karatasi kwenye printa, akahesabu kwa vidole, akaona ni chache. Akauliza mjumbe, "Ziko zote?" Mjumbe akasema ziko.

Mahakamani kiapo kilisomwa kikafika katikati kikaisha. Kesi ikaahirishwa, na yule mama akarudi kulala kwa dada yake miezi mingine. Mwanzia hakuja kugomba. Alimtuma mjumbe yuleyule achukue kile kitu kidogo kama kiberiti, akampa na barua ya shukrani kwa miaka ya kazi. Mimi ndiye niliyeisoma. Wathome alisema, "Isome tena pale anaposema safi."

Nikaisoma tena.

"Ameandika vizuri," akasema. Kisha, "Mwite Liban. Turudi 98. Huyo wa Yatta nimemharibia, sitaki mwingine."

Wathome alikuwa amepata mahali pa kazi, si padogo sana: kanisa moja la Mitaboni lilikuwa na mahubiri ya mchungaji aliyefariki, miaka mingi ya kaseti, na wazee walitaka yaandikwe. Kaseti, na hakuna wa kumharakisha. Kwa Mzungu wa zamani ilikuwa kazi ya kutosha kumweka mjini.

Liban akafuta. Akaweka 98. Akaomba disketi. Wathome akaenda chumbani, akarudi nayo ndani ya nailoni yake, safi bila hata vumbi. Ikaingia, ikakwaruza, ikanyamaza. Liban akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Ikakwaruza. Akajaribu kwa mashine yangu, akajaribu kwa mashine yake. Mwishowe akauliza polepole:

"Mzee, uliiweka wapi?"

"Mahali salama. Niliibandika kwa gundi nyuma ya redio. Hapo hakuna mtu anagusa, hata Nduku akifagia."

Liban alinitazama. "Nyuma ya spika?"

"Hapo hapo."

"Spika iko na sumaku, mzee. Imekula disketi."

Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza. Kwa mkono wake, nyuma ya redio palikuwa mahali pekee nyumbani ambapo kitu hakikuhamishwa. Aligeuza ile disketi kiganjani, akateleza kile kibati chake kidogo, huku na huku.

Liban aliwaandikia wenye programu ng'ambo. Walijibu kwa adabu: toleo hilo walishaliacha, ruhusa zake hawatoi tena, toleo jipya ni bei ile. Barua pepe kwa yule mwalimu wa kujitolea ilirudi yenyewe, anwani haipo. Ile sauti ya dakika arobaini Wathome hakutaka kuisikia tena, na bila Mzungu kazi ya Mitaboni ikampita.

Jeremiah alikuja na pikapu ya kukodi mwezi wa Agosti. Walipakia kitanda, meza na magunia ya Nduku. Wathome aliingia dukani kwangu na laptop chini ya kwapa, akaiweka juu ya kaunta.

"Nunua."

Niliiwasha. Nikataja bei. Akacheka bila furaha.

"Mutheu, hiyo ni bei ya vyuma."

"Betri imekufa. Imezeeka. Na haisemi."

"Wewe utamuuzia nani, kipofu?"

"Hapana."

"Basi haisemi inaingiaje kwa bei? Kwa mtu ako na macho, hii mashine haina shida yoyote. Iko na kumbukumbu mpya, uliniuzia mwenyewe. Ongeza."

Nje Jeremiah alikuwa anapiga honi. Wathome hakugeuza kichwa. Alivuta bei hatua kwa hatua, mkono mmoja juu ya kifuniko, akaninyang'anya karibu nusu ya faida yangu, na mimi nikamlipa noti alizozipapasa moja moja kabla ya kuzikunja. Kisha Nduku akamshika kiwiko, akampandisha mbele, kwenye kiti alichowekewa.