Mama alifukuzwa ku shimo yake

Leo bafanyakazi balifukuza patron. Patron ni mama yangu.

Anauzishaka unga ya mihogo. Aliita bacreuseurs batatu, bachimbaji bale balifukuzwaka ku carrière ya madini, bamuchimbie shimo ya kuloweka mihogo.

Anafika kuangalia kazi, tata Kalenga, mukubwa wao, anamuzuia:

"Mama, rudia nyuma. Mwanamuke akikaribia shimo, madini inakimbia."

"Madini gani? Ni shimo ya mihogo."

"Shimo ni shimo, mama."

Mama akarudia jikoni. (Mi niliogopa, namujua.)

Midi, saa ya kula, banaomba bukari (ugali). Mama, kwa mulango ya jikoni:

"Ilipikwa na mwanamuke. Haiwezi kukaribia shimo."

Kisha kidogo tu, tata Kalenga mwenyewe anamubebea kiti mpaka pembeni ya shimo.

Mpaka sasa hakuna muhogo yenye ilikimbia. Bamama, munasema nini?