Fizikia ya Kubebwa Mabegani

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na swali moja lililonikera kuliko mbu wa bwenini. Ukimwambia basi linakwenda, atakuuliza, "Ukilinganisha na nini?" Ukimwambia mti umesimama, atauliza vilevile. Alikuwa kijana wa kutoka bara, mfupi, shati limechomekwa vizuri, na aliuliza kwa upole mpaka ukaona afadhali angekuchapa. Mimi nina hasira za karibu tangu utotoni. Mara ngapi sijui nilitamani kumwambia kuwa mti ni mti, na aende akauulize wenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini, shule ya bweni pale Kibaha, nami niko kidato cha pili. Fizikia tulifundishwa kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza nilikuwa nakariri kama ninavyokariri sura za juzuu amma: kwa sauti, bila kosa, bila kuelewa. Kukariri kulinifikisha mbali kidogo, kisha kukakwama kwenye mada ya mwendo. Jaribio liliuliza: mtu yuko juu ya gari linalokwenda kwa mwendo usiobadilika, akadondosha jiwe, litaangukia wapi? Niliandika kwamba litabaki nyuma. Msichana mwenzangu tuliyelala vitanda jirani, mtoto wa wakulima wa Mlandizi, aliandika hivyohivyo. Tulikuwa tumekubaliana usiku wa kuamkia jaribio, tukajiona wajanja.

Mwalimu alirudisha karatasi akasema sisi wawili atatuita mbele wiki ijayo pamoja na wengine waliokuwa wanayumba. Atakayeshindwa kueleza mwendo kwa maneno yake na kwa mfano wake mwenyewe ataondoka kwenye fizikia na kuhamia mkondo wa biashara, akajifunze kupiga chapa. Hakusema kwa ukali. Alisema ni kwa faida yetu, na hilo ndilo lililoniuma.

Maana mimi fizikia nilikuwa naitaka kwa sababu. Kwetu ni Mzenga, huko Kisarawe, na nilipokuwa mdogo walipita Wachina wakipima njia ya reli mpya ya kwenda Zambia. Walikuwa na darubini ya miguu mitatu. Siku moja mmoja wao aliniashiria nichungulie, nikaona nyumba ya jirani yetu imekuja karibu kabisa, tena imepinduka, paa chini, kuku wanatembea juu. Tangu hapo nikasema nitakuwa mpima ardhi. Nyumbani walicheka, lakini niliambiwa shuleni kwamba bila fizikia hakuna upimaji. Mwenzangu wa Mlandizi alitaka udaktari. Hilo alinieleza mimi tu, kwa sababu darasani alikuwa hafungui mdomo. Alikuwa na mwili wa nguvu na sauti ndogo, na wavulana walizoea kumsahau.

Siku yenyewe ikafika. Wavulana walitangulia. Mmoja akaleta mfano wa treni, mwingine wa meli, mwingine lori. Kila mmoja aliulizwa swali lile la kukera, akajikongoja, akapita. Nilipoitwa, nilisimama wima na kumwaga maana ya mwendo kwa Kiingereza mpaka nukta ya mwisho.

"Vizuri," mwalimu akasema. "Sasa sema kwa Kiswahili, na usinisomee kitabu. Wewe umewahi kubebwa na nini?"

Nilikuja shuleni juu ya lori la kijiji, nimekalia magunia ya korosho, lakini mfano wa lori ulikwisha kuchukuliwa. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Kabebwa mgongoni na mama yake," darasa zima likacheka. Hapo hasira zikanipanda.

"Nimebebwa na shangazi," nikasema. "Mabegani. Na nilikuwa mkubwa, nina akili zangu."

Kicheko kikazidi, lakini mwalimu alivuta kiti akakaa. "Eleza."

Nikaeleza. Kwetu Uzaramoni msichana akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa, na siku ya kumtoa mwali hubebwa mabegani mbele ya watu wote, ngoma zikilia. Ya ndani sikuyasema, na hata leo siyasemi. Nilisema ya nje tu, ambayo kila mtu aliyaona. Shangazi yangu ndiye aliyenibeba. Mwali anatakiwa atulie, macho chini, asitikisike, na kila mara kungwi alikuwa ananiambia, "Tulia, mwanangu. Tulia hivyohivyo."

"Nami nilitulia," nikamwambia mwalimu. "Kila mtu alinisifu. Na huku natoka nyumbani kwetu nafika uwanjani. Nikitazama utosi wa shangazi, upo palepale. Nikitazama ardhi, inakimbilia nyuma."

"Kwa hiyo ulikuwa umetulia au ulikuwa unakwenda?"

Nilikuwa nimefungua mdomo nijibu kwa ukali, nikajikuta sina ukali wowote. Nililiona jambo lote kwa mara moja, nikafurahi mpaka nikasahau wavulana.

"Ukilinganisha na nini?" nikamuuliza.

Hakucheka mwalimu, lakini masikio yalimgeuka mekundu. Akauliza, "Na ungedondosha kitu?"

"Nilidondosha. Nilikuwa nimeficha pipi kiganjani, ikaniponyoka. Haikubaki nyuma. Ilimpata shangazi kwenye kidole gumba cha mguu, akanifinya shavu la mguu bila kuacha kutembea."

Wavulana walisema haiwezekani, nimetunga, pipi ingebaki nyuma. Mwalimu akasema mabishano yanamalizwa kwa kupima, akatutoa sote nje, kwenye uwanja wa kokoto kati ya darasa na shamba la mihogo. Akauliza nani atanibeba. Sikuhitaji kutafuta. Mwenzangu wa Mlandizi alichuchumaa, nikapanda mabegani, akainuka kama anainua ndoo ya maji.

Mara ya kwanza tuliharibu. Alikuwa anatembea vizuri, lakini nilipoachia jiwe akashikwa na kicheko, akasimama ghafla. Jiwe likaanguka mbele yetu. Wavulana wakashangilia kwamba tumeshindwa sote, wao na sisi.

"Kwa nini mbele?" mwalimu akauliza.

"Yeye kasimama," nikajibu kutoka huko juu. "Jiwe halikuambiwa."

Tukarudia. Safari hii mwenzangu alikaza uso na kutembea kama walivyotembea wakubwa wetu siku zile za kutoa mwali, polepole, bila kusita. Nikaachia. Jiwe likatua karibu na vidole vyake, na yule mvulana wa nyuma akaja kuinama kulitazama kana kwamba tumelifunga uzi.

Mwalimu aliniambia nishuke, mimi nimepita. Nilifurahi, kisha furaha ikanikatika, kwa sababu aliitazama saa yake na kumwambia mwenzangu kuwa yeye bado, na kwamba sasa ni zamu yake kutoa mfano wake. Nilimwona anavyoinamisha kichwa. Angesimama hivyo mpaka kengele ilie, kisha angekwenda kupiga chapa. Nikagoma kushuka.

"Ndugu mwalimu, mfano wake si huu aliosimama nao?"

Mwalimu alifikiri kidogo. Akamsogelea mwenzangu na kumuuliza taratibu, "Haya. Wakati unambeba, huyu alikuwa anakwenda?"

Nilihisi mabega yake yakipanda na kushuka chini yangu. Nilitamani kumjibia, nikauma ulimi.

"Hapana," akasema kwa ile sauti yake ndogo, na darasa zima lilisogea karibu ili lisikie. "Kwangu mimi alikaa tu. Hata hatua moja hakwenda. Nyie mliosimama hapo ndio mliotuona tunaondoka."

Mwalimu hakumuuliza swali jingine. Alipangusa chaki mikononi, akatutazama, mmoja chini, mmoja juu.

"Haondoki mtu," akasema.