Kisu Kilichogoma Kujikunja Ndani ya Lifti

Nilikwama kwenye lifti na watu watatu, mkononi nina kisu kikubwa kilicho wazi, na kisu kimegoma kufungwa.

Usicheke. Sikiliza kwanza.

Mimi na kaka yangu tunatengeneza visu vya kukunja. Hiki kilitutoa jasho miaka miwili: ubapa mpana usioshika kutu, mpini wa titani, beringi ndani. Ukikigusa tu kwa dole gumba, chwaa! Kimefunguka.

Toleo la kwanza lilijikunja lenyewe likamkata kaka kidole. Tangu hapo akawa mwehu wa kufuli, kile kipande kinachoukaba ubapa usijikunje. Kutwa anakaza.

Siku hiyo mimi na kaka tulikuwa kwenye lifti, tunampelekea mnunuzi kisu ghorofa ya tisa. Kwetu karakanani, kisu hakikabidhiwi bila kufunguliwa na kufungwa mara ya mwisho. Mkono ukaenda wenyewe.

Chwaa!

Lifti nayo ikasimama hapohapo. Nikabonyeza kufuli nikifunge. Wapi!

"Kijana, unataka nini?" akauliza mzee mmoja mwenye tai, mgongo ukutani.

"Sitaki kitu, mzee. Kimegoma."

"Chukua simu! Chukua saa!"

Mama wa usafi alikuwa kajikinga na ndoo yake, anasali.

Nikainama nikiweke chini, mzee akadhani namvamia. Akakibamiza kitufe cha dharura: "Jambazi! Ana panga!"

Nje nikasikia buti za walinzi zinapanda ngazi mbio. Jamani, niliogopa. Mlango ukifunguka, nakufa kwa marungu. Usipofunguka, mzee anakufa kwa presha.

"Kaka, fanya kitu basi!"

Akatazama viatu vyake.

"Kaka!"

"Hakifungiki, mdogo wangu. Asubuhi nilikikaza mpaka mwisho. Nilijua utakifungua wewe, nikahofia vidole vyako."

Nilitaka kumtukana. Mlango ukafunguka.

Marungu juu. Kaka akaruka mbele yangu: "Kisu ni changu! Nipigeni mimi!"

Rungu moja lilimpata begani kabla mnunuzi hajashuka kututetea. Tulipoachiwa, mnunuzi akakijaribu kisu, akanirudishia.

"Cha kukunja, hakikunjiki. Hili ni panga la bei mbaya, vijana."

Biashara ikafa pale pale. Kaka akalia njia nzima, mtu mzima na ndevu zake.

Ndugu zangu, anayekupenda akizidisha kukuhofia, mwambie mapema inatosha. Ukinyamaza, mtakwama wote.

Siku hizi kufuli nakaza mimi. Yeye ananishikia taa, huku anafumba macho.