Kochi Kwenye Nafasi ya Mzee

Pale Vunisei ukitundika pazia jipya, usimwambie mtu. Kabla hujashuka kwenye kigoda, Vilomena ameshafika, mikono kiunoni, kichwa upande kama kuku aliyeona punje. "Zuri, mwenzangu," atasema, "ila umelipachika kama bendera ya shule. Hebu shusha kidogo." Nawe utashusha, maana usiposhusha atakaa hapohapo mpaka ushushe, na chai yako ataimaliza.

Haki yake tumpe, mama yule alijua nyumba. Mkeka mgumu chini, laini juu yake, na kila mmoja uachiwe pindo lake la sufu lionekane. Picha za marehemu ziwe juu, za walio hai chini yake. Usijaze kila kona, utakuwa unaishi ghalani. Na kubwa kuliko yote, upande wa juu wa chumba, kule mbali na mlango, acha peupe. Huko hukaa wazee wakija na jambo lao. "Hata ndala usiweke," alikuwa akituambia, huku ametutolea jicho.

Sasa nyumba yake mwenyewe! Safi mpaka inatisha. Vikombe vya kabatini havijawahi kuonja chai. Mkeka wake bora, wenye pindo la rangi saba, ulikunjwa chini ya godoro kusubiri siku ambayo haikutajwa. Mumewe Sakiusa alikuwa akila, akisinzia na kucheza karata kwenye banda la jikoni. "Ndoa yetu ina amani," alipenda kusema. "Mke wangu anaishi ndani, mimi naishi nje."

Binti yao Titilia alikuwa mwalimu wa chekechea, amefikia ule umri ambao mashangazi huanza kunong'onezana mtu akipita. Wachumba wawili walishakuja wakaishia njiani. Halafu akatokea Apakuki, fundi wa boti kutoka kisiwa cha Nalotu, mtu mpole, na Titilia akampenda hadi akawa anaunguza mihogo. Taarifa ikaja: Jumamosi wazee wa Nalotu watavuka kuja kuposa.

Hapo Vilomena akakosa usingizi. Watu wa Nalotu na sisi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wa Nalotu atakuita mwizi huku anakunywa supu yako, na akipenda kitu chako anakibeba, nawe huna ruhusa ya kununa. Vilomena alijiona kabisa anachekwa. Wataona pazia limepauka, watasema binti katoka kwenye nyumba tupu, na hilo jina litamfuata Titilia kisiwa kizima mpaka kwa wajukuu.

Alhamisi lori likashusha kochi. Kochi la watu watatu, rangi ya maini, limefungwa nailoni kama nyama ya dukani. Lilikataa kupita mlango wa kawaida, likaingizwa kwa mlango wa pembeni, ule ambao sisi wengine hatuutumii, tunawaachia wazee wakubwa.

"Mama Titi," Sakiusa akaita kutoka nje, "mgeni wako kapitia mlango wa chifu. Nimvulie kofia?"

"Vua viatu kwanza wewe, ndipo uzungumze."

Alilijaribu chini ya dirisha, likaziba upepo. Akalijaribu karibu na mlango, watu wangejikwaa. Mwisho akalisukuma hadi ukutani, upande wa juu, chini ya picha za marehemu. Likapendeza, jamani, tusidanganyane. Ukiingia tu, macho yako moja kwa moja kwenye kochi.

"Hapo si pa mzee?" Sakiusa akauliza.

"Mzee atakaa mbele yake. Na nailoni isitolewe, mtalichafua."

Mganga hajigangi. Yule yule aliyetufokea kwa ajili ya ndala alikuwa ameweka kochi zima, wala hakuliona kosa, kwa jinsi alivyoshikwa na hofu ya kuchekwa.

Jumamosi wakaja, wamevaa vizuri, wananukia mafuta ya nazi. Mbele yao Mzee Eparama, msemaji wao, na chini ya kwapa jino la nyangumi limefungwa kitambaa, lile jino ambalo bila hilo hakuna posa. Akavua viatu, akaingia ameinama. Akatazama upande wa juu. Akaliona kochi. Akasimama kidogo, kisha akageuka, akaketi chini kabisa, mlangoni, ubavuni mwa sinia la maandazi, katikati ya akina mama. Wenzake wote wakaketi nyuma yake, wengine nusu wako nje.

Mposaji anayeketi mlangoni ni yule aliyeona kwamba hatakiwi. Atashukuru kwa adabu, atasifu hali ya hewa, ataondoka na jino lake. Eparama alikuwa ameshaanza kulikazia jino kitambaa chake. Titilia, pale kwenye kizingiti cha chumba, alikuwa amekauka. Vilomena akamtazama mwanawe, kisha akatazama kochi. Mungu wangu, nimemfukuzia mtoto mume wake kwa kiti!

Wa kwanza kusema alikuwa Bibi Kelera wa Nalotu, kikongwe mwenye meno mawili na maneno elfu. Alitambaa hadi katikati ya chumba, akapiga makofi ya heshima, akaliinamia kochi.

"Shikamoo, chifu! Tumevuka bahari kukuona. Mbona umejifunika nailoni, una homa?"

Mtu mmoja kule nje akapaliwa na kicheko.

"Hajibu! Watu wa Vunisei, chifu wenu ni bubu au ni jeuri tu kama nyinyi?"

Hapo kicheko kikalipuka, na macho yote yakamgeukia Vilomena. Alilolikimbia wiki nzima ndilo hilo limemfika, tena mbele ya ukoo mzima. Angeweza kununa. Uso uliwaka moto, machozi yalikuwa karibu. Lakini kwenye kizingiti Titilia alikuwa anamtazama kama mtoto aliyepotea sokoni.

Vilomena akapiga makofi, akainamisha kichwa. "Mtani wangu, msamehe, huyu chifu ni mshamba. Alikaa pasipo pake na mimi ndiye niliyemkalisha. Mchukueni. Mwende naye Nalotu mkamfundishe adabu."

Na kabla vijana hawajasimama, akainuka mwenyewe kushika upande mmoja. Kochi likatoka kwa mlango uleule wa chifu, Bibi Kelera anapiga vigelegele nyuma yake. Eparama akaacha wacheke mpaka wamalize. Kisha akapanda taratibu hadi upande wa juu, akaketi juu ya mikeka, akalifungua jino. Sakiusa akalipokea kwa mikono miwili, na sauti yake, ya mzaha miaka yote, ikakatika katikati ya maneno.

Jioni wageni wakateremka ufukweni kupanda boti. Kochi lilikuwa mchangani likisubiri zamu yake kupakiwa. Vilomena akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Umewahi kulikalia?" Titilia akamuuliza.

"Nani, mimi? Thubutu!"

Titilia akachana nailoni kwa meno, akaketi, akapiga pale pembeni yake. Vilomena akaketi. Likalia kwa chini.

"Gumu hili," akasema.

"Gumu kweli."

"Nilitaka wasiseme umetoka nyumba tupu, mwanangu."

Titilia akamshika mkono. "Mama, haikuwa tupu. Ila miaka yote hii sijawahi kujilaza mle ndani."

Alilisema kwa upole, tena anatabasamu, nalo likamchoma mama yake hadi kwenye mfupa. Vijana walipokuja kubeba kochi, Vilomena aliinuka, akajipangusa mchanga, akaenda nyumbani moja kwa moja. Akauvuta ule mkeka wa rangi saba kutoka chini ya godoro, akautandika katikati ya chumba, akatoa vikombe vya kabatini.

"Titi! Njoo ujilaze hapa, nikuchane nywele."

Titilia akajilaza, kichwa kwenye paja la mama yake, andazi mkononi, makombo yakimwagika kwenye sufu nyekundu, na hakuna aliyeyaokota. Sakiusa alisimama mlangoni na kikombe chake cha bati, hajui afanye nini.

"Na mimi je?"

Vilomena alimtazama miguu, imejaa matope ya ufukweni. Akaufikiria mkeka wake kwa muda.

"Haya, ingia," akasema. "Lakini futa, baba. Angalau mguu mmoja."