Kucha za Mkono wa Kulia

Sisi tuliosoma Kalenga enzi ambazo kaptula ya shule ilivaliwa mpaka ikang'aa makalioni, tulikaguliwa kucha kila Jumatatu mstarini. Wenzangu walificha uchafu. Mimi nilificha muziki.

Baba Mkubwa, fundi redio na mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, alikuwa na gitaa la nyuzi za nailoni na kitabu cha nyimbo za luti, chombo cha Wazungu wa kale, ndugu wa udi ule wa taarabu. Muziki wa Baroki huo, wa miaka mia tatu hivi nyuma. Ili gitaa liige luti, alilegeza kidogo uzi wa tatu, kisha akafunga penseli shingoni kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, sauti ikapanda. Mimi nakaa kigodani, mguu juu ya tofali, baridi ya Juni inauma vidole, na viazi vinanukia kwenye majivu. "Hesabu mapigo kwanza, viazi baadaye," alikuwa akisema. Sikumbuki kula kiazi cha moto kwa Baba Mkubwa.

Gitaa lenyewe lilikuwa na kesi. Wazee wa kanisa walisema ni chombo cha baa. Walikubali lipigwe mara moja tu, Jumapili ya Mavuno, ndipo waamue libaki kanisani au lifungiwe stoo. Mikono ya Baba Mkubwa ilishaanza kutetemeka, basi mpigaji nikawa mimi, na mpigaji ni kucha za mkono wa kulia, ndizo zinazokwanyua uzi. Nikazifuga miezi miwili kama watu wanavyofuga kuku. Shambani nilishika jembe kama bibi harusi, Mama akinitazama tu na kuguna.

Mstarini nilikuwa nanyoosha mkono wa kushoto, nikiambiwa wa pili nanyoosha uleule. Jumatatu ya wiki ya Mavuno, mwalimu wa zamu akaushika wa kulia mwenyewe. Nikajitetea kwamba ni kucha za kanisani. Akauliza ni kanisa gani linaloabudu kwa kucha za mwewe, akatoa wembe. Zote zikaanguka mchangani.

Nilifika kwa Baba Mkubwa nalia. Akavikagua vidole kimoja kimoja.

"Wenye luti yao wengi walipiga kwa nyama ya kidole," akasema. "Piga taratibu. Usishindane na mtu."

Jumapili sauti ikatoka ndogo, watu wakanyamaza kuitafuta. Watoto wakalala migongoni, mama zao wakafuata. Mzee mkuu, aliyekuja kulipinga gitaa, kidevu kikamshuka mpaka kwenye tai. Nilipomaliza akashtuka, akasimama kutoa hukumu.

"Chombo cha baa nakijua mimi, hakinilazi. Hiki kibaki."

Mkewe akainamia kitabu cha nyimbo. Gitaa likabaki.

Sasa naishi Iyunga, malori yanatetemesha madirisha, mgongo umechoka, na kwangu mimi kwenda gengeni ni safari. Wanangu wana simu inayowaambia uzi umelegea, wana spika kubwa kuliko kabati langu, na wimbo usipochangamka upesi wanauruka. Juzi napiga gitaa, mmoja kaniuliza, "Dingi, hiyo inachangamka lini?" Haichangamki, mwanangu. Inatembea tu, kama mimi.

Kucha nafuga nitakavyo. Zamani kanisa zima lilikaa kuamua kama nipige. Siku hizi hakuna anayenikataza, maana hakuna anayenisikiliza kiasi cha kunikataza.