Kwa Sista Waringa Hawapasui

Mimba ya kwanza Mbotela ni mali ya umma. Adhiambo aliligundua hilo mwezi wa sita, tumbo lake lilipoanza kumtangulia mlangoni. Muuza viazi alikuwa na maoni kuhusu mahali pa kujifungulia, jirani wa bomba la maji alikuwa na maoni, na hata yule mzee wa kutengeneza redio, ambaye hajazaa wala kuzalisha, alikuwa na maoni mawili. Wote wakishazunguka wee, waliishia pale pale: kwa Sista Waringa, kule Kware, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro. Na sababu yao ilikuwa moja. Kwa Sista Waringa hawapasui.

Maana kupasuliwa, katika mitaa ile, si matibabu tu. Ni habari. Mwanamke akirudi kutoka hospitali na mshono, watu humpa pole kwa sauti ya chini kama aliyefeli mtihani, halafu nje ya mlango wanaulizana kama aliogopa uchungu au kama hospitali ilitaka tu kula bima yake. Akina mama wa kanisa wakija kumwona mzazi, kabla hata hawajaketi, mkubwa wao humuuliza mama mkwe, "Alijifungua vizuri?" Vizuri hapo haimaanishi kwamba mama na mtoto wako hai. Inamaanisha hakukuwa na kisu.

Adhiambo alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi, hatua chache kutoka Jogoo Road, na kazi yake ilikuwa kuipa mitumba adabu: kupunguza kiuno, kupandisha pindo, kubadilisha zipu. Aliolewa na Sylvance, karani wa reli, mtu mpole anayevaa tai hata siku ambazo hakuna anayemtazama. Waliishi na mama yake Sylvance katika nyumba ya kaunti aliyoipanga zamani, vyumba viwili na ua mdogo wa kuparia samaki, kwa kuwa Mama Sylvance bado aliuza samaki. Mama Sylvance alizaa watoto watano na hakuna hata mmoja aliyetolewa kwa kisu, na hilo alilitaja jinsi watu wengine wanavyotaja digrii.

Basi siku moja kule kliniki, muuguzi akampapasa Adhiambo tumbo, akapapasa tena.

"Huyu wako ameketi," akasema. "Kichwa juu, matako chini, kama mwenyekiti wa mkutano. Wengine hugeuka, wengine hukataa. Asipogeuka, usiende kuzalia mahali pasipo na thieta ya kupasulia. Unanisikia, mama? Hilo usiulize mtaani."

Lakini mtaani ndiko alikokuwa akiishi. Alipofika nyumbani akasimulia, mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua dagaa, kisha akasema hayo ni maneno ya watoto wa chuo. Sista Waringa hugeuza watoto kwa mikono. Amewageuza wengi. Mikono yake tu na mafuta, na mtoto anafuata kama kondoo.

"Kesho nitakupeleka mwenyewe, nyar Gem," alisema, akimwita kwa Kijaluo binti wa Gem. "Ukamwone kwa macho."

Kweli akampeleka. Na ni lazima kusema ukweli, palikuwa pazuri. Ngazi zilinukia sabuni. Mapazia yalikuwa ya waridi, na Adhiambo, ambaye hawezi kulitazama pazia bila kuligeuza aone upande wa ndani, aliona kwamba hata kule nyuma yalishonwa kwa uangalifu. Kulikuwa na vitanda vitatu, kila kimoja na shuka lake, na mwanamke mmoja aliyejifungua alfajiri alikuwa ameketi anakunywa chai ya maziwa kama mgeni wa harusi. Sista Waringa mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha karibu. Alimpapasa Adhiambo kwa upole kuliko muuguzi wa kliniki, akasema mtoto ni mkaidi kidogo, arudi mara mbili tatu, atakubali.

Adhiambo alitamani kuamini. Mtu asimcheke. Ukiwa na mtoto aliyeketi tumboni na mtu akakuonyesha pazia la waridi, chai, na mikono ya joto, utaamini hata kabla hujaombwa. Lakini ulimi ukamponyoka, akauliza thieta iko wapi.

Sista Waringa alicheka. "Hapa hatupasui watu, mama. Hapa tunazalisha."

Mama Sylvance akatikisa kichwa kwa fahari, kama ndiye aliyejenga.

"Na yule anayeshindwa?" Adhiambo akauliza.

"Huyo tunamtafutia gari."

Alilisema kirahisi tu, kama mtu anayesema chumvi ikiisha tutatuma dukani. Adhiambo hakuuliza tena. Ila njiani kurudi aliona kwamba mama mkwe, ambaye kwa kawaida hamalizi hatua kumi bila kumsema mtu, hakutoa neno hadi nyumbani.

Jumapili iliyofuata Clare alikuja na gauni la kurekebishwa. Clare ni dada yake mkubwa Sylvance, keshia wa duka kubwa, mwanamke wa maneno machache anayeishi peke yake upande wa Pipeline. Habari yake ilijulikana Mbotela nzima, na ilisemwa kwa sentensi moja isiyobadilika: Clare alijifungua vizuri kwa Sista Waringa, mtoto ndiye hakukaa. Hayo yalitokea kabla Adhiambo hajaolewa. Mume wa Clare naye hakukaa, lakini huyo hakuna aliyemlilia.

Wawili hao wakaingia chumbani kupima. Gauni lilikuwa jembamba, likakwama mabegani, na Clare alipolivuta juu ili alivue, shimizi ikapanda nalo. Adhiambo alikuwa ameketi kwenye kigoda na pini mdomoni, macho yake sawasawa na tumbo la wifi yake. Kovu lilianza chini ya kitovu likashuka wima. Lilikuwa pana, limejikunja upande mmoja. Adhiambo anaujua mshono wa haraka akiuona.

Alizitoa pini mdomoni moja moja. Clare akaishusha shimizi, akaketi kitandani. Huko uani Mama Sylvance alikuwa akigombana na kuku wa jirani.

"Nilikaa pale tangu asubuhi," Clare alisema, bila kuulizwa. "Waringa anasema subiri, mama anasema subiri. Gari lilipopatikana, mtoto alikuwa ameacha kucheza. Kule nilikopelekwa walinipasua kuniokoa mimi, wifi. Yeye alikuwa ameshaenda."

Adhiambo akamuuliza kwa nini basi watu husema alijifungua vizuri.

"Mama alikaa kando ya kitanda akaniambia tusiseme. Akaniambia nimeshapoteza mtoto, nisipoteze na jina."

Alipoondoka, Adhiambo alibaki na gauni mapajani. Sifa ya Sista Waringa haikuwa uongo, na hilo ndilo lililomtia baridi. Kweli kwake hakuna aliyepasuliwa. Clare hakupasuliwa pale. Alipasuliwa kwingine, akarudi, akanyamaza, na jina lake likaongezwa kwenye hesabu ya waliozaa vizuri. Wangapi wengine walikuwa wameketi makanisani na sokoni, mshono chini ya leso, wakisikia pale mahali pakisifiwa na wao wakiitikia amina?

Alimwambia Sylvance. Sylvance alifanya walivyomfunza ofisini: akasema suala hilo ni zito na litazungumzwa. Lakini asubuhi, bila kuzungumza na mtu, alimpigia simu mkubwa wake akasema atachelewa, akavaa tai, akampeleka mkewe kwenye hospitali kubwa yenye thieta. Mabenchi yalijaa. Rangi ya ukuta ilikuwa ya zamani za kale, wodini wanawake wawili walilala kitanda kimoja kichwa kwa miguu, na muuguzi aliyewapokea alikuwa na ulimi wa wembe. Adhiambo alipouliza kama mtu anaweza kupata chai, alijibiwa, "Hapa hakuna chai, mama. Kuna daktari." Wakampima, wakathibitisha mtoto bado ameketi, wakampa siku ya kuja kulazwa apasuliwe kwa utaratibu. Sylvance alitoka akiwa mweupe midomo. Adhiambo alitoka akiwa ameogopa vilevile, ila woga huu ulikuwa na mlango.

Likabaki la kumwambia mama mkwe. Mtu hamkabili mama mkwe hivi hivi, kuna mpaka. Adhiambo alimfuata uani, akasimama upande, macho yakiwa kwenye samaki.

"Mama," alisema, "nilimpimia Clare gauni."

Kisu kilisimama juu ya samaki. Magamba machache yalikuwa yameng'ang'ania mkono wa mama yule, yaking'aa juani. Hakumtazama Adhiambo. Akasema, "Mtoto atageuka," na kisu kikaendelea.

Ikawa ndivyo hivyo. Hawakugombana. Mama Sylvance alimpikia, akamfulia, akamkataza kuinama, na kila aliyeuliza pale nje aliambiwa ni kwa Sista Waringa, kama kawaida. Adhiambo alisikia kupitia dirishani. Alizihesabu siku zilizobaki kabla ya kulazwa, kama mfungwa.

Mtoto hakuisubiri. Uchungu ulianza mchana, wiki moja kabla, Adhiambo akiwa bado kwenye cherehani. Waliomwona akishika ukuta walimwita Mama Sylvance, na Mama Sylvance akamwita Barre, kijana wa jirani mwenye gari la kubebea mizigo midogo na watu wenye haraka. Sylvance alipigiwa simu. Ililia bila kujibiwa, wako mkutanoni. Kwa hivyo ndani ya gari walikuwa watatu: Barre kwenye usukani, mama mkwe mbele, na Adhiambo nyuma, amelala ubavu juu ya magunia, akiuma leso.

Wakafika Jogoo Road. Barre alikuwa ameshakata shauri, kwani naye ni mtu wa Mbotela, anajua yanayojulikana.

"Tunashuka Kware, mathe?"

Mama Sylvance aliendelea kuitazama barabara. Adhiambo alitaka kusema, lakini maumivu yalikuja yakamziba, na neno lililotoka lilikuwa moja tu. "Mama." Hata yeye hakujua kama alikuwa akimwomba au akimwita mama yake mzazi. Aliona kisogo cha mama mkwe, kitambaa kilichofungwa visivyo, na mkono ule wenye harufu ya samaki ukishika ukingo wa kiti. Gari la nyuma lilipiga honi. Barre akauliza tena.

"Geuza," mama akasema.

"Lakini Sista Waringa yuko—"

"Barre, mwanangu. Kwangu nilishasubirisha mmoja. Geuza, twende kwenye thieta."

Aliyezaliwa jioni ile ni msichana. Alitolewa matako kwanza, kama alivyotaka tangu mwanzo, na alipowekwa shavuni mwa mama yake alikuwa amekunja uso kama aliyesumbuliwa kwenye kikao. Yule muuguzi wa ulimi wa wembe alipita, akamtazama, akasema ana mapafu ya mhubiri. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Akina mama wa kanisa walikuja Mbotela Jumamosi moja baadaye, na unga, sukari, na wimbo walioanzia mbali ili majirani wasikie. Kavinya, mwenyekiti wao, alitangulia. Adhiambo alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mito, akijishika tumbo kila alipopumua sana. Clare alikuwa akiingia kutoka jikoni na chupa ya chai.

"Tumesikia furaha," Kavinya akasema. "Alijifungua vizuri?"

Mama Sylvance alikuwa amemshika mtoto. Akamwangalia kwanza, kisha akawaangalia wageni.

"Alipasuliwa," akasema.

Pole zikaanza, zile za sauti ya chini. Akainua mkono akazizuia.

"Msimpe pole. Mtoto si huyu hapa? Na Clare pia alipasuliwa. Mlikuja mkaniuliza, nikawaambia vizuri. Haikuwa vizuri. Mjukuu wangu alikufa tumboni kwa sababu gari lilichelewa kuitwa, na aliyesema tusubiri ni mimi."

Kavinya, ambaye huwa na sala tayari kwa kila jambo hata nzi akianguka kwenye chai, alianza kupanga upya pakiti za sukari walizoleta. Kwenye benchi la mlangoni, mwanamke mmoja kijana, tumbo lake la miezi saba au zaidi, alianza kukunja na kukunjua leso yake.

Clare aliiweka chupa mezani. Alisimama hapo kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Kisha akaenda akaketi karibu na mama yake, si karibu sana, akanyoosha mikono apewe mtoto.