Ruba Niliowapeleka Ukweni

Nitawasimulia, ila mkicheka sana nanyamaza, maana hadi leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke. Zilikuwa enzi za ruksa, mitumba imejaa Arusha nzima na shule za binafsi zinaota kama uyoga, nami nilikuwa mwalimu mpya wa bayolojia kwenye mojawapo, najiona kweli (shule ilikuwa na hadubini moja tu, na ufunguo wa kabati lake ninao mimi). Jumatatu nilitaka kuwaonyesha wanafunzi seli za neva, na kiumbe mzuri kwa kazi hiyo ni ruba, yule mnyonya damu wa majini, kwa sababu neva zake zimejipanga tumboni kama shanga kwenye uzi, fundo baada ya fundo, na baadhi ya seli zake ni kubwa kweli.

Basi Jumamosi asubuhi nikaenda Nduruma, nikatumbukiza miguu kwenye mfereji wa mashambani, nikapata ruba sita. Nikawatia kwenye chupa ya jemu yenye maji, nikafunika mdomo kwa kitambaa cha shashi na mpira ili wapumue. Sasa mchana uleule nilikuwa nasubiriwa Ngarenaro, kwao Yusufu, mchumba wangu, mama yake anione kwa mara ya kwanza. Nikasema nikipita kwangu kuiacha chupa nitachelewa, na kuchelewa ukweni siku ya kwanza niliona ni aibu kubwa (aibu nilikuwa sijaijua bado). Nikaitia chupa mkobani, nikaenda nayo.

Mama Yusufu, mtu wa Tanga aliyehamia Arusha zamani, alinipokea vizuri sana. Nikamwamkia kwa goti, akaniuliza habari za kwetu Kondoa, tukaketi mkekani yeye, Yusufu, mjomba wake Mzee Hamisi na mimi, sinia la pilau katikati, mkoba nyuma yangu. Nikawa nakula kwa adabu, tonge dogodogo, hata nikaanza kuwaza majina ya watoto.

Ghafla Yusufu akaona damu mkekani. Inatoka kwenye kisigino cha mama yake, naye mwenyewe hana habari, kwa sababu ruba aking'ata hausikii. Nikapeleka mkono mkobani nikakuta chupa imelala, mpira umefyatuka. Nikawahesabu kwa jicho la pembeni: wanne.

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikasema labda ni msumari.

Wakamfunga kitambaa, kikalowa, wakafunga kingine, nacho kikalowa (mate ya ruba hayaachi damu igande, hilo nalijua vizuri, nalifundisha). Mzee Hamisi akasema hiyo ni sukari. Jirani mmoja aliyeitwa kusaidia akasema hapana, huyu amefanyiwa jambo. Yusufu akatoka mbio kutafuta gari la kwenda hospitali, na mama, kidonda chenyewe hakizidi tundu la sindano, akanishika mkono akaniambia kwa sauti ya kukata roho, "Mwanangu, hata kama sirudi, msiahirishe harusi." Nikalia. Wakadhani ni mapenzi.

Ndipo ruba wa sita akachomoza chini ya sinia, anajikunja na kujikunjua kuelekea kwa Mzee Hamisi, naye hakuuliza, alichukua kisu cha kachumbari akamkata katikati. Kipande cha mbele kikashika njia yake, cha nyuma nacho kikaanza kujinyonganyonga kana kwamba hakijapata taarifa. Jirani akasema hilo ni jini, akatoka na kiatu kimoja.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikakiri yote, Nduruma, chupa na uongo wa msumari, na kwa kiwewe nikajikuta nafundisha palepale, mikono ina pilau: kwamba si jini, ruba ana ubongo kichwani lakini pia ana mafundo ishirini na moja ya neva mwilini, kila fundo na seli kama mia nne, kwamba tangu akiwa kwenye yai mafundo hayo huanza yakiwa karibu sawa, kisha seli zinatoa nyuzi, nyingine zinaenda kwenye ngozi kuhisi, nyingine kwenye misuli kuisukuma, ndiyo maana ukimkata, nusu ya nyuma bado inajiendesha. Yusufu alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na dereva wa teksi, wote wawili wananisikiliza.

Mama akakaa wima, amepona kabisa, akanigeukia.

"Kwa hiyo mdudu huyu ana akili ishirini na moja tumboni."

"Ndiyo, mama, tunaweza kusema hivyo."

"Na wewe, mwanangu, yako moja uliiacha wapi?"

Mzee Hamisi ndiye aliyeanza kucheka, akafuata dereva wa teksi, kisha mama mwenyewe, hadi kidonda kikatoka damu upya.

Tulioana mwaka uleule. Wale ruba wanne, na wa tano tuliyemkuta chini ya mkeka ameshiba damu, mama aliamuru warudishwe Nduruma siku ileile, nami nikawarudisha, na tangu hapo neva za ruba nafundisha kwa chaki ubaoni. Wanafunzi wanalalamika kwamba mchoro hauchezi. Nawaambia uzuri wake ndio huo.